Mzee wa Boila

Hospitali yetu pale Garissa ilikuwa na boila, na boila ilikuwa na mzee wake. Jina lake bila shaka lilikuwa kwenye karatasi za ofisi, lakini katika miaka kumi na mmoja niliyofanya kazi karibu naye sikumsikia mtu akilitaja. Madaktari walimwita Mzee wa Boila, wapishi vilevile, hata wagonjwa waliolazwa muda mrefu walijifunza kumwita hivyo. Mimi nilimwita adeer, yaani ami kwa Kisomali, na yeye aliniita adeer pia, kwa sababu kwao mkubwa humrudishia mdogo neno lilelile. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ambazo mambo yote yalikuwa sawa. Kukiwa na shida aliniita Sista.

Mimi ni muuguzi, kwetu Malindi. Nilipelekwa Garissa nikiwa bado msichana na nikakabidhiwa chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji. Ukuta wa nyuma wa chumba changu ulikuwa ndio ukuta wa nyumba ya boila, na upande wa pili wa nyumba hiyo ilikuwapo wodi ya wazazi. Sijui nani alichora ramani ile. Mvuke aliouchemsha mzee uliingia kwenye mashine yangu na kuua vijidudu vya kwenye makasi, visu na nguo za kijani. Mwingine ulikwenda kwa dobi na jikoni. Bila yeye, chumba cha upasuaji kilikuwa chumba tu chenye taa kubwa.

Wageni kutoka Nairobi walishangaa kuona mji wenye joto la namna ile ukiwasha moto mwingine juu yake. Nyumba ya boila ilikuwa ya mabati, na saa saba mchana mtu hakuweza kusimama ndani kwa muda wa kusema salamu mara mbili. Mzee alikaa humo mwaka mzima. Alivaa kikoi na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na alikunywa chai ya maziwa ya ngamia ikiwa bado inafuka. Sikuwahi kumwona akijipepea.

Alifika kila siku baada ya swala ya alfajiri. Kabla hajawasha, alitazama kioo kilichoonyesha maji ndani ya boila yamefika wapi. Kisha alifungua vali ya chini, maji machafu ya jana yakatoka kwa kishindo, naye akakinga kidogo kwenye mkebe, akayaacha yapoe na kuyaonja kwa ncha ya ulimi. Mara ya kwanza nilipomwona nilidhani ni ushirikina. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akipima chumvi, na kwamba ulimi wake ulikosea mara chache kuliko kipimo tulicholetewa na mafundi.

Kwa sababu boila, alinifundisha, haiuawi na moto. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na ofisini. P ilikuwa b, v ikawa f, na ngeli alizipanga apendavyo. "Moto hana makosa," alisema. "Maji ndio nafanya mbaya." Maji yetu yalitoka mtoni yakiwa na udongo, au kisimani yakiwa na chumvi. Yakichemka na kuondoka kama mvuke, kilichokuwamo hubaki nyuma na kujenga gamba jeupe juu ya chuma, kama lile linaloonekana ndani ya birika kuukuu. Gamba likiwa nene, maji hayagusi chuma tena. Chuma hupata moto upande mmoja, na upande wa pili hakuna cha kukipoza, basi kinalainika, kinavimba, siku moja kinapasuka. Alikuwa na kipande cha bomba la boila iliyotangulia, kimekatwa katikati, na tundu ambalo zamani lingepitisha vidole viwili lilikuwa sasa halipitishi hata kalamu. Kila msimamizi mpya wa hospitali alionyeshwa kipande kile katika wiki yake ya kwanza, atake asitake.

Ili gamba lisijengeke, maji yalipitishwa kwanza kwenye mashine ya kuyalainisha, na mashine hiyo ilikula chumvi safi, gunia baada ya gunia. Chumvi ilipochelewa, mzee alikwenda soko la mifugo akachukua ile ya kulambisha ngamia. Hakuitia hivyohivyo, kwa kuwa ina mchanga. Aliikoroga kwenye pipa, akaiacha itulie siku nzima, akachota maji ya juu tu, taratibu, kwa kikombe. Nilimwona akiifanya kazi hiyo akiwa amefunga Ramadhani, jua likiwa utosini, na hakuna aliyemtuma.

Siku moja alikuja fundi wa ukaguzi, kijana mpole aliyewahi kusoma ng'ambo, akatueleza kwamba katika nchi za baridi watu wana boila ndogo majumbani za kupasha vyumba joto. Mzee alimuuliza hudumu muda gani. Kijana akasema miaka kumi na mitano, ikitunzwa vizuri hata ishirini na zaidi. Mzee akauliza ni nani anayeitunza. Kijana akajibu kwamba fundi huja mara moja kwa mwaka. Mzee akaniuliza mimi, kana kwamba ningejua, watu hao hulalaje. Kitu kama kile kiko jikoni, watoto wako chumba cha pili, na mtu hukitazama mara moja kwa mwaka. Yule kijana alicheka. Mzee hakuwa anafanya mzaha.

Nisimpambe. Alikuwa mtu mgumu. Alifukuza wadobi walioanika nguo kwenye mabomba yake, akagombana na wapishi, na mara moja alimwambia daktari bingwa mbele ya wauguzi kwamba asubiri kama watu wengine. Walioletwa kumsaidia hawakudumu, maana hakuwaacha waguse kitu. Aliwapa ufagio, miezi ikapita, wakaomba kuhamishwa. Nilimwambia kwamba siku akiugua hatutakuwa na mtu. Akasema hataugua. Kwa hilo alikosea kama walivyokosea waliochelewesha chumvi, na nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulikiri baadaye.

Pia hakuandika. Kilikuwapo kitabu cha boila ambacho kila siku kilipaswa kujazwa kiasi cha maji, mvuke na chumvi, na kila ombi alilotoa. Alisoma Kurani vizuri, lakini hati ya ofisi ilimshinda, na aliona aibu kuomba aandikiwe. Nilijitolea kumjazia. Akakataa. Alichohitaji kwa ofisi alikwenda kukisema kwa mdomo, na alihakikisha mtu mwingine yupo anasikia. Kwake neno lililosemwa mbele ya shahidi lilikuwa limeshaandikwa.

Halafu huyuhuyu mtu mgumu alikuwa na desturi ambayo ilivunja kanuni zake zote. Mwanamke akijifungua, mzee alijaza ndoo ya maji ya moto kutoka tangi la kurudishia maji kwenye boila, akaifunika kwa kitambaa, na kuiacha nje ya mlango wa wodi ili mama aoge. Maji yale yalikuwa yameshalainishwa na hayakupaswa kupotea hata kikombe. Mimi nilipoomba ya kuoshea sakafu niliambiwa hakuna. Nilimuuliza kwa nini wazazi wanapewa. Alisema yale ni ya ziada. Hayakuwa ya ziada, na sote wawili tulijua.

Mwaka wa ukame ule mkubwa pampu ya mtoni iliharibika, tukawa tunaletewa maji ya kisima kwa lori. Mzee aliyaonja akatema. Maji ya namna hiyo yalitaka chumvi mara tatu ya kawaida, na stoo ilikuwa tupu. Ile ya sokoni nayo ilikuwa imekwisha, kwa kuwa wafugaji walikuwa wamehamia mbali kutafuta malisho na wachuuzi wakaacha kuileta. Alikwenda kwa msimamizi wa hospitali wa wakati huo. Najua alikwenda, kwa kuwa mara tatu alimsubiri msimamizi katika chumba changu, wakati wa mzunguko wake wa asubuhi, akamwomba mbele yangu. Mara ya kwanza msimamizi alisema italetwa. Mara ya pili alisema kuna mambo ya haraka zaidi. Mara ya tatu mzee alimwambia kwamba boila itakufa kabla ya mvua, na msimamizi akamgonga begani kwa upole, akasema, "Mzee, hii mashine itatuzika sisi sote." Mzee alinigeukia. Nakumbuka vizuri alivyonigeukia, kuhakikisha nimesikia.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi saa mbili, aliletwa mama kutoka vijijini nyuma ya pikapu. Alikuwa ameshikwa na uchungu siku mbili. Daktari alisema apasuliwe mara moja. Jana yake tulipokea majeruhi wa ajali ya lori na vyombo vyote safi vilikuwa vimetumika. Vilivyooshwa vilikuwa tayari ndani ya mashine yangu, vikisubiri mvuke, na mvuke haukuja.

Nilizunguka mbio. Mzee alikuwa ameketi kwenye kibao mlangoni pa nyumba ya boila, na nyuma yake palikuwa kimya. Alikuwa ameifunga vali ya mafuta. Aliniambia kwamba ametazama ndani akaona chuma kimevimba kama tumbo, na maji yanadondoka mahali pa moto. Nilimwambia kuna mama mezani. Nilimwomba saa moja tu, nusu saa, kisha azime milele akitaka.

"Sista," alisema, "nikiwasha nabasuka. Wamama wote wako nyuma ya ukuta."

"Imekaa hivyo miezi," nikamwambia. "Itakaa nusu saa."

Akatikisa kichwa. Nilimkaribia mpaka nikasikia harufu ya chai kwenye pumzi yake, nikamwambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mtoto huyu akifa, yuko shingoni mwako."

Hakuinuka kwenye kibao.

Tulitafuta chungu kidogo cha mvuke kilichotumiwa na kliniki ya kuhamahama, tukakiweka juu ya jiko la gesi, tukatakasa vyombo vichache kadiri kilivyoweza kubeba. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mama aliokoka. Mtoto, wa kiume, alitolewa bila pumzi, na mimi ndiye niliyempokea. Nilimsugua mgongo, nikampulizia, nikamsugua tena. Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda mtoto alikuwa amekwisha kufa njiani, kabla hawajafika kwetu. Alisema huenda. Sikutaka kusikia huenda. Nilitaka mtu wa kulaumu, na nilikuwa naye ng'ambo ya ukuta.

Jioni ya siku hiyo mzee alisimama nje ya wodi akiwa ameshika kofia yake mkononi. Nilimpita bila salamu.

Fundi wa ukaguzi alikuja, yule kijana mpole, akaifungua boila. Alitoka amebadilika rangi. Alisema ukuta wa tanuru ulikuwa umebonyea na una ufa, na kama ingewashwa asubuhi ile ingechukua wodi ya wazazi pamoja na chumba changu. Siku hiyo walikuwamo wanawake kumi na wanne na watoto wao. Nilisikia hayo kwa masikio yangu. Lakini alisema pia kwamba gamba ndani lilikuwa nene kupita kiasi, na ofisi ilishika hilo la pili. Gamba ni ushahidi kwamba boila haikutunzwa, na mwenye kuitunza alikuwa mmoja.

Waliunda kamati ya watu watatu. Mzee aliwaambia kwamba aliomba chumvi mara nyingi. Msimamizi alisema hakuna ombi lolote, na kitabu kikaletwa, kurasa nyeupe tupu. Mzee akasema ana shahidi.

Waliponiita alikuwa ameketi kando ya dirisha, mikono juu ya magoti. Mwenyekiti aliniuliza kama niliwahi kumsikia mzee akiomba chumvi kwa msimamizi. Swali jepesi. Nilikuwa na jibu lake neno kwa neno. Nilimtazama mzee na nilichoona ni mtoto yule, uzito wake, jinsi kichwa chake kilivyokaa kwenye kiganja changu. Tena msimamizi alikuwa mbele yangu, na mkataba wangu ulikuwa mezani kwake ukisubiri sahihi. Ningependa kusema ilikuwa huzuni peke yake. Ilikuwa huzuni na woga, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Nikasema sikumbuki.

Mzee hakubisha. Mwenyekiti alirudia swali kwa lugha nyepesi, nami nikarudia jibu. Mzee alistaafishwa mwezi huohuo kwa uzembe. Boila ilikatwa vipandevipande ikauzwa chuma chakavu, tukaletewa mashine ndogo za umeme, na mahali pake pakajengwa stoo. Mjini ilisemwa kwamba yule mzee aliua boila ya hospitali na mtoto wa watu juu yake. Maneno ya namna hiyo husafiri na malori, na najua yalifika kwao kabla yeye hajafika.

Ilipita miaka saba. Mkataba wangu ulitiwa sahihi, nikapanda cheo, nikawa naitwa kufundisha wauguzi wa vituo vya mbali. Nilimfikiria mara nyingi zaidi ya nilivyokubali. Wadobi walilalamika kwamba mashine mpya zinaungua, fundi akafungua moja, akanionyesha gamba jeupe kwenye nondo ya kupashia moto, nami nikaona aibu kama aliyetajwa jina.

Mwaka jana nilipelekwa Rhamu, mji mdogo wa mbali mpakani, kufundisha kwa wiki mbili. Mhudumu wa maabara pale, nilipotaja hospitali yetu, aliniambia kwamba mzee aliyekuwa akitunza boila huko sasa analima vitunguu kando ya mto Daua. Nilikaa siku tisa bila kwenda. Siku ya kumi, baada ya alasiri, nikamwomba anipeleke.

Alikuwa amepungua sana. Jicho moja lilikuwa na ukungu, na hilo jingine lilinitafuta kabla halijanipata. Nilipomwamkia aliitambua sauti, akasema, "Adeer," na akaagiza mkeka. Mkewe, ambaye sikuwahi kumwona kwa kuwa miaka yote ya Garissa alibaki nyumbani na mifugo, alitoka akatuletea chai. Alikuwa mwanamke mrefu asiyetabasamu. Alinipa kikombe, akaketi mbali kidogo, akiendelea kuchambua mbegu.

Mzee aliniuliza habari za watu mmoja mmoja, wadobi, wapishi, yule daktari bingwa aliyewahi kuambiwa asubiri. Akanieleza kuhusu pampu yake ya kumwagilia, jinsi udongo wa mto unavyoila. Jirani wawili wenye pampu kama yake huja kwake kujifunza, na sasa anawaacha wafungue wenyewe. Alisema kule Garissa alifanya kosa kutomwachia mtu. Nilimsikiliza mpaka alipomaliza, kisha nikamwambia kilichonileta. Nilimwambia kwamba mbele ya kamati nilisema uongo. Nilikumbuka mara zote tatu, na nilikumbuka hata siku ile msimamizi alipomgonga begani.

"Najua, adeer," alisema.

Nilimuuliza kama amejua siku zote. Akasema alijua palepale, nilipofungua mdomo.

"Siku ile wewe ulibeba mtoto," akasema. "Mtu amebeba mtoto hawezi kubeba kitu ingine."

Nilitaka kusema kwamba hiyo haikuwa sababu yote, na nikasema. Nilimtajia mkataba. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa amekwisha kukihesabu. Nikamwambia nitaandika barua kwa kaunti, nitasema kila kitu, najua msimamizi yule amehama lakini karatasi zipo. Akasema niandike nikitaka. Kisha akageuza uso upande aliokaa mkewe.

"Lakini kwanza sema hapa," akaniambia. "Kwa Kisomali. Huyu mama hajui Kiswahili. Maneno ya mjini yeye alisikia kwanza."

Kisomali changu ni cha wodini: wapi panauma, lala, inuka, meza dawa. Nilitafuta maneno. Mama aliacha mbegu zake akanitazama. Nilimwambia kwamba mume wake aliomba chumvi. Niliposhindwa kusema mara tatu kwa ufasaha niliinua vidole vitatu. Nikasema, "Waan maqlay," yaani nilisikia. Nikasema kwamba waliniuliza nami nikaficha. Nikasema kwamba siku ile kama angewasha, wanawake kumi na wanne wangekufa na watoto wao, na mimi pamoja nao.

Mtoni pampu ya jirani iliwaka, ikashika mwendo. Mikono ya yule mama ilikuwa imetulia juu ya ungo. Nilidhani atanilaani, na nilikuwa tayari.

Hakunigeukia mimi. Alimtazama mumewe, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, lakini Kisomali hicho nilikielewa.

"Uliniambia," alisema.

"Ndiyo," mzee akajibu. "Nilikuambia."

Mama akaweka ungo chini, akainuka, akaja kuketi kwenye mkeka wetu, upande wa lile jicho la mumewe linaloona.